Afya ya Kijito: Jicho la Setilaiti na Miguu ya Mpimaji katika Mwambao wa Kabonga na Rumonge

Utangulizi

Anayesafiri kutoka Bujumbura kwenda Rumonge, kisha Nyanza-Lac, na hatimaye Kabonga mpakani mwa Burundi na Tanzania, huvuka madaraja mengi kuliko anavyoweza kuyahesabu. Baadhi ni ya mito inayojulikana katika ramani, kama vile Mugere, Dama, Murembwe na Nyengwe. Mengine ni ya vijito ambavyo majina yake huyajua wale tu wanaochota maji, wanaofua na wanaomwagilia bustani hapo. Maji haya hushuka kutoka milimani, huvuka uwanda mwembamba wa Imbo na kuingia katika Ziwa Tanganyika. Safari yake ni fupi. Mvua inayonyesha mlimani asubuhi yaweza kufika ziwani kabla ya jua kutua, ikiwa imebeba kila ilichokikuta njiani.

Swali la makala haya ni hili: tutajuaje kama kijito fulani bado ni makazi mazuri ya viumbe, au kimekwisha kuharibika? Wataalamu wana njia mbili kuu za kulijibu. Ya kwanza ni kwenda mtoni na kupima kwa mkono na kwa jicho. Ya pili ni kupima kwa mbali, kwa kutumia picha za setilaiti. Tutaeleza jinsi kila njia inavyofanya kazi na mahali inapokosea, kisha tutaonyesha kwa nini katika mwambao huu si haki kutoa hukumu kwa njia moja pekee. Neno "hukumu" tumelitumia kwa makusudi. Matokeo ya upimaji wa namna hii yanaweza kumwondoa mkulima shambani mwake, na yanaweza pia kuacha kijito kife huku ramani ikikisifu.

Makazi ya kijito ni nini?

Katika elimu ya viumbe, makazi ni mahali ambapo kiumbe hupata chakula, maficho na nafasi ya kuzaa. Kwa kijito, makazi si maji peke yake. Kuna mambo manne ya kutazama.

La kwanza ni sakafu, yaani kile kilicho chini ya maji. Sakafu ya kijito chenye afya ina mawe ya ukubwa mbalimbali, na kati ya mawe hayo kuna nafasi. Nafasi hizo ndizo nyumba za wadudu wa majini, kaa na samaki wadogo. Tope jembamba likishuka kutoka mlimani na kuzijaza, ni kama milango na madirisha ya mtaa mzima yamezibwa kwa siku moja.

La pili ni mwendo wa maji. Kijito kizuri kina sehemu za maji ya kasi yanayopiga mawe na kuchanganyika na hewa, na kina vidimbwi vya maji yaliyotulia. Viumbe tofauti huhitaji sehemu tofauti.

La tatu ni kingo. Kingo zilizoshikwa na mizizi hazibomoki kirahisi. Zilizolimwa hadi mdomoni mwa maji huanguka kila masika.

La nne ni mimea ya kando. Hii hutia kivuli, hupoza maji, hudondosha majani ambayo ni chakula cha wadudu, na huchuja udongo unaoteremka na mvua.

Hapa pana tahadhari ambayo mwalimu hana budi kuwapa wanafunzi wake mapema. Ubora wa makazi si sawa na usalama wa maji ya kunywa. Kijito chenye mawe safi na wadudu wengi kinaweza kubeba vimelea vya kipindupindu. Mwezi Mei 2015, wakimbizi wengi wa Kirundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga, ng'ambo tu ya mpaka, maelfu waliugua kipindupindu. Tatizo lilikuwa msongamano wa watu, uhaba wa vyoo na uhaba wa maji safi, mambo ambayo fomu ya makazi ya kijito haiyapimi. Vipimo vya maji ya kunywa ni vya maabara na vya watu wa afya. Vipimo tunavyovieleza hapa vinahusu kijito kama nyumba ya viumbe.

Kwa nini mwambao huu?

Ziwa Tanganyika linagawanywa na nchi nne: Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kina chake hufikia mita 1,470 hivi, na duniani ni ziwa la pili kwa kina baada ya Baikal. Lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Wengi wa samaki hao hawaishi kilindini. Huishi karibu na ufuo, penye miamba, ambako hula mwani unaoota juu ya mawe na hutaga katika mianya. Hapo ndipo vijito vinapomwaga udongo wake.

Mwaka 1993 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa ziwa, wakilinganisha sehemu ambazo ardhi ya nyuma yake ilikuwa imefyekwa sana na sehemu zilizofyekwa kidogo. Walihesabu ostrakodi, vidudu vidogo mno vyenye gamba. Palipoingia udongo mwingi, aina za vidudu hivyo zilikuwa chache zaidi. Tangu hapo suala la udongo limekuwa mojawapo ya masuala makubwa ya ziwa hili. Nchi nne zilitia saini mkataba wa kulisimamia ziwa jijini Dar es Salaam mwezi Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura ilizinduliwa mwaka 2008.

Kwa hiyo anayepima kijito cha Kabonga hapimi kijito tu. Anapima bomba linalomimina kitu, chema au kibaya, katika nyumba ya samaki wa nchi nne.

Kazi ya miguu: upimaji wa mtoni

Upimaji wa mtoni hauhitaji vifaa vya bei kubwa. Futi kamba, saa, rula, wavu, beseni jeupe, daftari na penseli vinatosha kuanzia. Mpimaji huchagua kipande cha kijito, kwa kawaida mita 100, kisha hufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, hupima wingi wa maji. Huchukua kitu kinachoelea, kama chungwa au kipande cha kijiti, na kukiacha kipite umbali uliopimwa. Tuseme kimepita mita 10 kwa sekunde 20. Mwendo wa juu ya maji ni nusu mita kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, huzidisha kwa 0.85 na kupata 0.425. Ikiwa kijito kina upana wa mita 2 na kina cha wastani cha sentimita 25, eneo la mkato wake ni nusu mita ya mraba. Maji yanayopita ni karibu lita 212 kwa sekunde.

Pili, hupima mawe. Njia inayotumiwa sana ni ile iliyobuniwa na Mmarekani Gordon Wolman mwaka 1954. Mpimaji hutembea ndani ya maji kutoka ukingo hadi ukingo, na kila hatua moja huinama, bila kutazama, na kuokota jiwe la kwanza linaloguswa na kidole mbele ya mguu wake. Hulipima upana, huandika, huendelea hadi afikishe mawe 100. Kutotazama ndiyo siri ya njia hii, kwa sababu jicho hupenda kuchagua mawe mazuri. Ikiwa katika mara 100 kidole kimegusa mchanga au tope mara 60, basi sakafu imekwisha kuzikwa.

Tatu, huangalia mawe yamezama kiasi gani katika udongo. Jiwe lililozama robo tu huacha nafasi ya viumbe. Lililozama robo tatu halina mwanya.

Nne, hujaza fomu ya alama. Fomu inayojulikana zaidi ni ile ya shirika la mazingira la serikali ya Marekani, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1999. Ina vipengele 10, miongoni mwake maficho ya viumbe, udongo uliotuama, mchanganyiko wa kasi na kina, uthabiti wa kingo, mimea ya kingo na upana wa ukanda wa mimea. Kila kipengele hupewa alama kuanzia 0 hadi 20: alama 16 hadi 20 ni hali bora, 11 hadi 15 ni hali ya kuridhisha, 6 hadi 10 ni hali hafifu, na 0 hadi 5 ni hali mbaya. Jumla yake ni 200. Vipengele vya kingo hupimwa upande wa kulia na wa kushoto mbalimbali, kila upande alama 10, kwa sababu mara nyingi upande mmoja una miti na wa pili una shamba.

Fomu hii ina udhaifu wake. Watu wawili wanaweza kusimama mahali pamoja na kutoa alama tofauti. Dawa yake ni wapimaji kufanya mazoezi pamoja kabla ya kuanza, na kila mmoja kujaza fomu yake kimya kabla ya kulinganisha.

Wadudu kama mashahidi

Alama za makazi hutuambia nyumba ikoje. Hazituambii kama kuna mtu ndani. Ndiyo maana upimaji mzuri huongeza hesabu ya viumbe wadogo wanaoonekana kwa macho. Mpimaji huweka wavu upande yanakoelekea maji, huyasugua mawe kwa mguu kwa dakika mbili hivi, kisha humwaga alichokipata katika beseni jeupe.

Afrika Kusini ilitengeneza jedwali la alama kwa ajili ya kazi hii, ambalo toleo lake la tano lilitoka mwaka 2002. Kila jamii ya viumbe ina alama kati ya 1 na 15 kulingana na inavyovumilia uchafu. Minyoo ya matopeni ina alama 1, kwa kuwa huishi popote. Funza wekundu wa matopeni wana 2. Kaa wa mto wana 3. Mabuu ya usubi, yanayojishikiza kwenye mawe penye maji ya kasi, yana 5. Mabuu fulani yenye miili bapa yanayong'ang'ania chini ya mawe safi yana hadi 13. Alama zote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya jamii zilizopatikana. Wastani ukiwa mkubwa, kijito kina afya.

Mwaka 2015 Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha jedwali la namna hiyo lililorekebishwa kwa ajili ya mito ya Tanzania. Kwa mwambao wa Burundi hilo liko karibu zaidi nasi kuliko la Afrika Kusini. Hata hivyo, anayelivusha mpaka hana budi kwanza kutafuta kijito cha kulinganishia, yaani kijito cha jirani kisichoharibiwa, kama vile kinachotoka ndani ya misitu ya hifadhi ya Rumonge na Vyanda. Bila kijito cha kulinganishia, alama ni namba tu.

Wakati wa kupima nao una maana. Kazi hii hufanywa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, maji yanapokuwa machache na yametulia. Mafuriko ya masika husomba wadudu, na anayepima siku chache baada ya mafuriko atakuta beseni tupu hata katika kijito kizuri.

Kazi ya setilaiti: kutazama kwa mbali

Mpimaji wa mtoni huona mita 100. Hawezi kuona kilima chote kinachomwaga maji hapo. Setilaiti inaweza.

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972. Tangu mwaka 1982 picha zake zimekuwa na pikseli za mita 30, na tangu mwaka 2008 hazina zote hizo hutolewa bure kwa yeyote. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, zina pikseli za mita 10. Pikseli ni kile kipande kidogo kabisa cha picha. Kila kilichomo ndani yake huchanganywa na kuwa rangi moja.

Picha hizi hutusaidia katika mambo matatu.

La kwanza ni uhai wa mimea. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga ulio jirani na mwekundu, ambao jicho la binadamu halioni. Kompyuta huchukua tofauti ya mianga hiyo miwili na kuigawanya kwa jumla yake. Jibu huwa kati ya -1 na 1. Udongo mtupu hutoa karibu 0.1 au 0.2, msitu mnene hutoa 0.7 na zaidi.

La pili ni mwinuko. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada. Kwa data hizo mtu anaweza kuchora mipaka ya eneo linalomwaga maji katika kijito fulani na kujua miteremko mikali iko wapi. Katika milima ya mwambao huu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu shamba lile lile la muhogo hupoteza udongo mwingi zaidi likiwa kwenye mteremko mkali kuliko likiwa uwandani.

La tatu ni mabadiliko. Picha ya mwaka mmoja huwekwa kando ya picha ya mwaka mwingine, na yaliyopotea au yaliyoota huonekana.

Mawingu ya masika huziba macho ya setilaiti hizi. Kwa hiyo picha nyingi zilizo safi ni za kiangazi, wakati mashamba yamevunwa na nyasi zimekauka. Mtazamaji asiyejua kalenda ya mkulima wa Imbo anaweza kuliita shamba lililopumzishwa "ardhi iliyoharibiwa".

Mahali picha inapodanganya

Udanganyifu mkubwa zaidi katika mwambao huu unatokana na mti ambao kila mtu wa Rumonge anaujua: mchikichi. Rumonge ndiyo kitovu cha mawese nchini Burundi. Kutoka angani shamba la michikichi ni kijani kibichi mwaka mzima, na namba yake hukaribiana na ya msitu. Mpimaji anayetegemea namba hiyo pekee atapaka rangi ya "msitu" hadi kwenye ukingo wa kijito.

Sasa ashuke kwa miguu. Chini ya michikichi iliyopaliliwa vizuri anaweza kukuta udongo mtupu, bila majani yaliyooza wala vichaka vya kuchuja maji ya mvua. Mahali penye mashine ndogo za kukamua mawese anaweza kukuta maji machafu ya ukamuaji yakielekezwa mtoni. Maji hayo yana mafuta na mabaki ambayo yakioza humaliza hewa iliyomo majini. Wadudu wenye alama 12 na 13 huondoka. Hubaki minyoo na funza wekundu. Ramani inasema msitu, beseni linasema kinyume.

Udanganyifu wa pili unahusu historia. Ni kawaida ya ripoti kuichukua picha ya mwaka 1972 kuwa mwanzo, kana kwamba inaonyesha nchi ilivyokuwa "kiasili". Kwa mwambao huu hilo ni kosa la hatari. Machafuko ya mwaka 1972 yalianza tarehe 29 Aprili katika maeneo haya haya ya kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi walikimbilia Tanzania. Landsat ya kwanza ilirushwa karibu miezi mitatu baadaye. Kwa hiyo picha za mwanzo zinaonyesha nchi ambayo wengi wa wakulima wake walikuwa wamekimbia au wamekufa. Wakimbizi na watoto wao waliporudi miaka mingi baadaye, wengi walikuta mashamba yao yana watu wengine, na mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine kushughulikia migogoro hiyo. Anayesoma picha bila kuijua historia hii atamwita aliyerudi nyumbani kwao "mvamizi wa msitu".

Udanganyifu wa tatu unatokana na ziwa lenyewe. Katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda, na mwaka 2024 yaliingia katika makazi ya watu Rumonge na Gatumba. Ziwa linapopanda, mdomo wa kijito humezwa. Maji ya kijito hupunguza mwendo na kuangusha udongo hapo hapo. Alama mbaya mdomoni inaweza kuwa kazi ya ziwa na si ya mkulima wa juu. Ni lazima kupima mahali kadhaa, kuanzia mlimani hadi ufuoni, kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

Mita 25 na pikseli ya mita 30

Suala la usahihi wa picha linakuwa suala la haki tukiliweka kando ya sheria. Sheria ya maji ya Burundi ya Machi 2012 imetenga ukanda wa ulinzi wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika, na wa mita 25 kandokando ya mito inayoingia ziwani humo inapopita uwandani. Ng'ambo ya mpaka, sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imetaja mita 60.

Pikseli ya Landsat ina mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, chini kidogo ya robo ya ekari. Ukanda mzima wa mita 25 unamezwa na pikseli moja, pamoja na kijito chenyewe na kipande cha shamba. Hakuna awezaye kusema kwa picha hiyo kwamba muhogo wa fulani umevuka mpaka au haukuvuka. Kwa Sentinel-2 ukanda huo una pikseli mbili na nusu: hapo mtu anaweza kushuku, lakini hawezi kuapa. Futi kamba ya shilingi chache inajua zaidi.

Hii haimaanishi kwamba setilaiti haina kazi. Kazi yake ni kutuambia twende wapi. Kati ya vijito vingi vya mwambao, inachagua vile ambavyo vilima vyake ni vikali na vimevuliwa mimea. Miguu huenda huko na kuthibitisha. Kisha yaliyoonekana kwa miguu hurudishwa kwenye kompyuta: hapa ni michikichi na si msitu, hapa ni mpunga, hapa ni shamba lililopumzishwa. Ramani ya pili huwa bora kuliko ya kwanza.

Mfano wa jirani: Gombe

Kusini kidogo ya Kabonga, upande wa Tanzania, ipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968 na kusifika duniani kwa utafiti wa sokwe ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960. Ndani ya hifadhi vijito hushuka katika mabonde yenye misitu. Nje yake, kama kijijini Mwamgongo kaskazini mwa mpaka wa hifadhi, vijito vya namna ile ile hupita katika miteremko iliyolimwa. Ni kama maumbile yameweka jaribio: mlima ule ule, mvua ile ile, matumizi tofauti.

Taasisi ya Jane Goodall ilianza mradi wake wa upandaji miti na elimu katika vijiji vya eneo hilo mwaka 1994. Baadaye mtaalamu wake Lilian Pintea alilinganisha picha za Landsat za mwaka 1972 na za 1999, na kupotea kwa misitu nje ya hifadhi kukaonekana wazi. Kilichofuata ndicho chenye somo. Picha za karibu zaidi, zenye pikseli ya mita moja au pungufu, zilipelekwa vijijini na kutandazwa mbele ya wanakijiji, ambao walionyesha wenyewe chemchemi zao, njia zao na mashamba yao, na kutoka hapo mipango ya matumizi ya ardhi ikachorwa. Picha iligeuka kuwa kitu cha kuzungumzia.

Kuna jambo jingine ambalo setilaiti haikuweza kuliona kwa sababu halikusubiri izaliwe. Mwaka 2005 Cohen na wenzake walichapisha muhtasari wa uchunguzi wa tabaka za tope zilizochimbuliwa chini ya ziwa mbele ya midomo ya mito. Katika baadhi ya sehemu udongo uliongezeka ghafla mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watafiti waliuhusisha na mvua kubwa mno za 1961 na 1962. Mmomonyoko una historia ndefu kuliko picha zetu.

Kazi ya lugha

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanawahusu nini walimu na wanafunzi wa Kiswahili? Yanawahusu sana. Fomu nyingi za kupimia vijito zimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Katika lugha zote mbili, neno linalotaja sakafu ya mto ndilo linalotaja kitanda. Na kwa Kiingereza neno la ukingo wa mto ndilo neno la benki. Mfasiri asiyewahi kukanyaga mtoni, au mashine ya kutafsiri, anaweza kumuuliza mvuvi wa Kabonga kuhusu "uthabiti wa benki" na "kitanda cha mto". Atajibiwa kwa adabu, na jibu halitakuwa na maana.

Maneno tayari yapo. Mrundi huita kijito umugezi, na kikiwa kidogo akagezi. Samaki anayeitwa ndagala Rumonge ni dagaa Kigoma. Mukeke wa Burundi ndiye mgebuka wa Tanzania. Mwambao huu una bahati ya kuwa na Kiswahili cha sokoni na cha bandarini kinachovuka mpaka kila siku. Mtu anayevua, anayelima au anayechota maji ana msamiati wa tope, mchanga, changarawe, mkondo na maporomoko ambao ni mpana kuliko wa fomu yoyote. Wanafunzi wetu wanaotaka mada ya tasnifu wana mgodi hapo: kukusanya maneno hayo, kuyalinganisha kwa Kirundi na Kiswahili, na kuandika upya fomu ya vipengele 10 ili mwanakijiji aweze kuijaza mwenyewe.

Sababu yake si mapambo ya lugha. Mtafiti huja msimu mmoja na kuondoka. Afya ya kijito hujulikana kwa kupimwa mwaka hadi mwaka, mahali pale pale. Atakayekuwepo mwaka ujao ni yule anayeishi pale.

Hitimisho

Tumeona kwamba setilaiti huonyesha kilima na mabadiliko yake, lakini haioni jiwe lililo chini ya maji, wala haitofautishi kwa urahisi mchikichi na msitu. Miguu huona jiwe na mdudu, lakini haioni kilima chote. Tumeona pia kwamba picha haijui nani alikimbia na nani alirudi. Kwa hiyo kijito kihukumiwe kwa mashahidi watatu: picha, beseni na mkazi wa pale. Shahidi wa tatu hawezi kusema mbele ya wataalamu ikiwa fomu haijui lugha yake, na hapo ndipo idara za Kiswahili zina deni la kulipa.

Msamiati wa makala

Kijito cha kulinganishia: kijito kisichoharibiwa kinachotumiwa kama kipimo cha vijito vingine vya eneo hilo.
Makazi duni: makazi yaliyopoteza maficho, chakula au nafasi ya kuzaa ya viumbe. (Tusiseme "makazi maskini".)
Pikseli: kipande kidogo kabisa cha picha ya setilaiti.
Sakafu ya kijito: mawe, changarawe, mchanga au tope lililo chini ya maji.
Ukanda wa ulinzi: eneo la kando ya mto au ziwa lililotengwa kisheria.
Upimaji wa mbali: kupata taarifa za ardhi au maji bila kufika mahali penyewe, kwa setilaiti au ndege.